Gari Likishuka Halisemi: Mafunzo Niliyopata Nikiusaka Mlio

Gari la mtumba lina tabia zake, na mwenye gari huzizoea upesi. Mlango unaotaka kubamizwa mara mbili, kioo cha nyuma kinachopanda kwa kusukumwa na kiganja, harufu ya plastiki jua likichoma: hayo yote nilikuwa nimekwisha kuyasamehe katika Noah yangu. Mlio ndio sikuweza kuusamehe. Ulianza baada ya masika, ko-ko-ko kavu ya chuma upande wa mbele, gari likipita penye vishimo vidogo. Haukuwa mkubwa. Abiria wa nyuma hawakuusikia mpaka waambiwe, na wakishaambiwa hawakusikia kingine.

Kuusaka kulinizungusha kutoka gereji za Sinza hadi maduka ya spea ya Gerezani, na jibu likaja kupatikana milimani Lushoto, kutoka kwa mtu asiyejua hata bonet hufunguliwaje. Haya ndiyo niliyotoka nayo. Nimeyapanga jinsi yanavyofaa kazini, si jinsi yalivyonijia.

1. Ipo milio isiyosubiri uchunguzi

Kabla ya kuuliza mlio unatoka wapi, uliza kama gari liendelee kutembea. Milio mitatu haina mjadala. Wa kwanza ni wa injini kugonga kwa sauti nzito huku taa nyekundu ya oili ikiwaka: egesha, zima injini, piga simu. Injini inayozunguka bila oili haihitaji muda mrefu kufa.

Wa pili ni mkwaruzo wa chuma kwa chuma ukikanyaga breki. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma unaogusa diski na kulia kwa sauti nyembamba pedi ikibakiza milimita chache. Ule ulikuwa onyo. Ukisikia mkwaruzo mzito, ujue onyo limepita na sasa bamba la pedi linaichonga diski yenyewe.

Wa tatu ni kugonga kunakoambatana na usukani kutetemeka, hasa kama gurudumu lilifunguliwa karibuni. Simama, toa spana, kagua nati. Vijana wa pancha hukaza nati kwa kupanda juu ya spana kwa mguu, na kila mguu una uzito wake. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni nyutonimita 103. Ukitoka kwenye pancha, tembea kilomita chache, kisha simama uzikaze tena. Watu wanaona uvivu kufanya hivyo, halafu tunasoma habari za gurudumu lililomtangulia dereva barabarani.

Mlio wangu haukuwa miongoni mwa hiyo, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuchunguza.

2. Ondoa mizigo kwanza

Kazi hii haitaki fundi wala hela, na ndiyo inayorukwa zaidi. Gari lenye safu tatu za viti ni stoo inayotembea. Chini ya kiti kuna chupa ya soda, kwenye droo ya dashibodi kuna sarafu na funguo zisizojulikana za nini, jeki imelegea kwenye kishikio chake, spana ya magurudumu inaogelea nyuma. Kifungo cha mkanda wa kiti kisichokaliwa na mtu, kikigonga plastiki ya nguzo, husikika kama kitu kikubwa kilichokatika uvunguni. Kibao cha namba na wilkapu nazo zina vituko vyao.

Nilitoa kila kinachotoka, mikanda yote nikaifunga, jeki nikaikaza. Gari likawa kimya kama nyumba iliyohamwa, na ile ko-ko-ko ikasikika vizuri zaidi kuliko mwanzo.

3. Sikio linajua lini, halijui wapi

Ningeapa mbele ya hakimu kwamba mlio ulitoka chini ya kanyagio la mafuta, upande wa kulia. Mke wangu, aliyekaa kushoto, alikuwa tayari kuapa kwamba uko katikati. Mtoto alisema uko kwenye redio.

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Sikio hutambua upande kwa kulinganisha: sauti ikitoka kulia, hufika sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mbinu hiyo inafaa uwanjani. Ndani ya gari sauti haiji moja kwa moja kutoka inakozaliwa. Inasafiri kwanza ndani ya chuma, ambamo mwendo wake ni kama mita 5,000 kwa sekunde, wakati hewani ni kama 350 tu katika joto la Dar es Salaam. Kitu kikigonga kwenye gurudumu, mtikisiko unapita kwenye mikono ya chini, unaingia kwenye fremu, unasambaa sakafuni, halafu unatokea popote penye bati pana au plastiki iliyolegea. Unachosikia wewe ni lile bati. Mlio wenyewe uko kwingine.

Wakati haupotoki hivyo. Mlio ukianza gari likipita shimo, umeanza pale. Ukikoma ukikanyaga kitu fulani, umekoma pale. Kwa hiyo niliacha kuuliza wapi, nikachukua daftari la mtoto na kuandika lini. Gari likiwa limesimama, unasikika? Hapana. Injini ikiwa baridi na ikiwa moto? Sawa. Ukikata kona? Hakuna tofauti. Kwenye lami nyororo ya Bagamoyo? Kimya. Kwenye vishimo, mwendo mdogo? Ndiyo. Kwenye tuta? Hapana, na jambo hilo lilinishangaza. Kwenye rasta, yale matuta madogo madogo yanayofuatana kabla ya kivuko? Ndiyo, tena kwa fujo.

Majibu mawili ya mwisho yalikuwa na kesi nzima ndani yake, ingawa yalichukua muda kueleweka.

4. Jifunze kuhesabu mapigo

Milio ya gari iko ya koo tatu: inayofuata injini, inayofuata magurudumu, na inayofuata barabara. Kutenganisha koo hizo kunafuta nusu ya gari kwenye orodha ya washukiwa.

Ya injini ni rahisi. Gari likiwa limesimama, kanyaga mafuta kidogo. Mlio ukipanda nayo, una jibu. Katika injini ya kawaida shafti inayofungua vali huzunguka nusu ya mwendo wa shafti kuu, kwa hiyo injini inayotulia kwenye mizunguko 720 kwa dakika, yaani 12 kwa sekunde, itatoa tik-tik ya vali moja mara sita kwa sekunde. Ukisikia kitu kinachogonga nusu polepole kuliko injini, elekeza macho juu, kwenye vali, na kabla ya hapo pima oili.

Ya magurudumu inahitaji hesabu kidogo. Tairi la 195/65 R15, linalotumika kwenye magari mengi ya familia, lina mzingo unaokaribia mita mbili. Gari likienda kilomita 18 kwa saa linakata mita tano kwa sekunde, maana yake gurudumu linazunguka mara mbili na nusu kwa sekunde. Mapigo hayo unaweza kuyapigia makofi. Ukiongeza mwendo hadi 36 yanakuwa matano. Jiwe lililonasa kwenye kashata za tairi, au msumari uliokwama bila kutoboa, hupiga hivyo hivyo bila kukosea, na dawa yake ni bisibisi na dakika moja ya kuinama. Kitu kikizunguka mara nne zaidi ya gurudumu kwenye Hiace au gari lingine linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mshuku propela, kwa sababu difu ndiyo inayopunguza mwendo kwa kiasi hicho hivi.

Kuna ndugu mmoja wa ukoo huu anayejitambulisha mwenyewe. Ukikata usukani hadi mwisho na kuondoka kwa nguvu, ukasikia tak-tak-tak inayoongezeka na mwendo, hiyo ni sivijointi ya nje. Raba yake ilipasuka zamani, grisi ikatoka, vumbi likaingia. Muundo wake wa magololi ni kazi ya Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, miaka ya 1920, na umedumu mpaka leo kwa sababu unavumilia karibu kila kitu, isipokuwa mchanga.

Wangu haukuhesabika. Ulipiga pale barabara ilipotaka. Basi hakikuwa kitu kinachozunguka. Kilikuwa kitu kinachoning'inia.

5. Tuta na shimo haviulizi swali moja

Gari likipanda tuta kwa unyoofu, magurudumu mawili ya mbele yanainuka pamoja. Likiingia shimo, linazama moja. Kati ya magurudumu hayo kuna nondo iliyokunjwa, stebilaiza, inayozuia gari lisilale kwenye kona, na kila ncha yake imeshikwa na kijiti chenye viungo viwili tunachokiita linki. Magurudumu yakiinuka pamoja, nondo inageuka tu kwenye bushi zake na linki haibebi mzigo wa maana. Likiinuka moja, nondo inapindwa na linki inavutwa. Linki iliyolegea, kwa hiyo, hugonga mashimoni na kunyamaza kwenye tuta.

Ukitaka kuthibitisha, panda tuta kimshazari, gurudumu moja kabla ya jingine. Chagua tuta lisilo na bodaboda nyuma yako.

Jibu langu la daftari, shimo linagonga na tuta halisemi, lilikuwa picha ya linki kabisa. Fundi wa kwanza aliposikia hayo hakuhitaji hata kulala chini.

6. Kufunga spea mpya si kutafuta

Linki zikafungwa, mbili, mpya. Nikatoka gerejini, nikafika kwenye kipande cha vumbi cha kwanza, ko-ko-ko.

Fundi wa pili alisema shokapu. Wa tatu alitikisa kichwa kwa huruma na kusema boljointi, na kama si boljointi basi reki ya usukani. Kila mmoja alitaja spea kwa uhakika wa daktari, na kila spea ilikuwa na bei tatu pale Gerezani: ya mtumba kutoka Japani, ya Kichina, na ile inayoitwa orijino kwa sababu boksi lake limeandikwa hivyo.

Nasema hili bila kuwasuta mafundi, maana nimekaa nao vya kutosha kujua hesabu zao. Fundi wa mtaani halipwi kwa kufikiri, analipwa kwa kufunga. Akitumia asubuhi nzima kusikiliza gari lako na kukwambia ni boliti moja imelegea, utampa hela ya soda na kuondoka ukimsifu. Akikubadilishia shokapu kwa dakika arobaini, utampa ufundi kamili. Sisi wenye magari ndio tuliopanga bei hizo.

Kilichonisaidia ni desturi ya kudai vitu viwili. Kwanza, kabla ya spea kununuliwa, nionyeshwe ile ya zamani ikicheza ikiwa bado iko mahali pake: jeki iinue gari, liegemezwe kwenye stendi, nondo iingizwe, nione kwa macho. Boljointi iliyokwisha inacheza, huhitaji kusadikishwa. Pili, spea ya zamani naondoka nayo. Linki zilizotolewa nilizigeuza mkononi nyumbani usiku ule, na viungo vyake vilikuwa vigumu kama vipya. Hazikuwa na kesi. Lilikuwa jambo la thamani kujua, kwa sababu lilimaanisha kwamba tuta lilikuwa kimya kwa sababu nyingine.

Na kingine: usikubali kubadilishiwa vitu vitatu kwa siku moja. Mlio ukiisha hutajua kilichouponya, na ukirudi hutajua pa kuanzia.

7. Msikilize mtu asiyejua magari

Desemba tulipanda Lushoto kumchukua shangazi. Kutoka Mombo barabara inapanda kwa kona juu ya kona kupitia Soni mpaka mji wenyewe, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hiyo ni lami. Gari lilikuwa kimya. Kwa shangazi ni mbele zaidi, kipande cha vumbi chenye makorongo yaliyochimbwa na mvua. Hapo Noah iligonga njia nzima, na mimi nikajifanya sisikii.

Kesho yake tukashuka kwa njia ile ile, makorongo yale yale, shangazi kiti cha mbele na kapu la mapeasi mapajani. Tulipokaribia lami akanigeukia.

"Mwanangu, hili gari lako ni la namna gani? Jana mmekuja mnalia kwa mbali nikajua mmefika. Leo likishuka halisemi."

"Shangazi, linajua linarudi kwake."

Akacheka, lakini mimi sikucheka sana. Alikuwa amesema kweli. Mafundi watatu walikuwa wameuliza mlio unasikika wapi. Hakuna aliyeuliza unanyamaza lini, na mimi mwenyewe niliandika neno "hapana" kwenye tuta nikaliacha likae.

Nini kinabadilika gari likishuka? Niliorodhesha kichwani tukiwa bado Soni. Uzito unahamia mbele, na springi za mbele zinabana. Injini haivuti tena, mara nyingine inazuia. Na mguu wa dereva uko kwenye breki, unagusa na kuachia, unagusa na kuachia. Mambo matatu, na kila moja linaelekeza sehemu yake: la kwanza kwenye springi na shokapu, la pili kwenye mauntingi za injini, la tatu kwenye breki.

Mombo kuna maeneo ya tambarare yenye vumbi pembeni ya barabara kuu. Nilimwomba shangazi radhi, nikaingia pale. Mwendo wa mtu anayekimbia, vishimo, ko-ko-ko. Nikaachia mafuta, gari likajiendea lenyewe: bado ko-ko-ko, kwa hiyo injini na mauntingi zake zikatoka kwenye kesi. Nikarudi, nikapita tena mstari ule ule, safari hii nikiwa nimeweka mguu juu ya breki kwa wepesi, kiasi cha pedi kugusa diski bila gari kusimama.

Kimya. Nikaachia mguu, likagonga. Nikagusa, likanyamaza. Shangazi akasema sasa ninacheza na gari, na mapeasi yanapondeka.

Tuta nalo likaeleweka pale pale. Hakuna dereva anayepanda tuta bila kukanyaga breki. Mguu wangu ulikuwa unauziba mlio kila mara nilipofika kwenye jaribio ambalo mafundi wanaliamini. Rasta, ambazo tunazipita bila kupunguza mwendo sana, ndizo zilikuwa zinasema kweli: zinainua magurudumu yote mawili pamoja, linki haina kazi pale, na bado mlio ulipiga.

8. Lipia muda wa kusikiliza

Nikarudi Dar na kumwendea fundi mmoja mzee anayekaa chini ya mwarobaini. "Fundi, shikamoo. Leo sitaki ufunge kitu. Nataka twende wote barabarani, na muda wako nitaulipa kama kazi." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kivuli. Kisha akafuta mikono.

Chagua barabara yenye ugonjwa. Ukimtembeza fundi kwenye lami nyororo, mlio utaona aibu na wewe utaonekana mzushi. Kaa wewe kwenye usukani kwanza, kwa sababu mkono wako ndio unaojua mwendo unaouamsha. Halafu badilishaneni, yeye aendeshe, wewe ukae nyuma. Zima redio, zima kiyoyozi, fungua vioo upande mmoja tu ukipita kando ya ukuta, maana ukuta hurudisha sauti ya magurudumu ya upande ule. Usimpe jina la spea. Ukisema shokapu, atasikia shokapu.

Nilimwonyesha mguu juu ya breki, mara moja. Akasema, "Rudi gerejini, toa gurudumu la kushoto." Nikamwambia mimi nasikia kulia. Akasema tutoe yote mawili basi.

Ilikuwa kushoto. Pedi za breki ya mbele hukaa kwenye mabano ya chuma, masikio yake yakiwa yameshikwa na vibati vyembamba vya kunepa, klipu, ambavyo kazi yake ni kuibana pedi isicheze huku ikiweza kuteleza. Alitikisa pedi kwa kidole kimoja: ko, ko. Klipu hazikuwepo. Wakati pedi zilipobadilishwa mara ya mwisho, kwenye gereji nyingine, za zamani zilikuwa na kutu na pedi mpya zilikuja bila klipu ndani ya boksi. Mtu akaona vibati vile ni takataka. Gari lilisimama vizuri, breki ziliuma, na mwenye gari akaondoka ameridhika. Ukikanyaga breki pistoni inaibana pedi kwenye diski, haina pa kuchezea. Ukiachia, inabaki na nafasi ya unene wa kibati ndani ya bano, na kila shimo linaitikisa.

Upande wa kulia klipu zilikuwepo, moja imepinda. Zilinunuliwa seti nzima, pini za kalipa zikasafishwa na kupakwa grisi ya breki yenyewe, si ile ya kawaida ya beringi, ambayo huvimbisha raba. Bei ya vyote ilikuwa ndogo kuliko ya linki moja niliyokuwa nimeifunga bure.

9. Kuvuma ni kesi nyingine

Habari zilienea, na shemeji akaniletea Probox yake inayovuma kama ndege ya kukodi. Mvumo unaopanda na mwendo una washukiwa wawili wakuu, beringi ya gurudumu na tairi lililolika vibaya, na wanafanana sauti kiasi cha kumdanganya mtu mzoefu.

Badilisha aina ya barabara. Mvumo wa tairi hubadilika ukitoka kwenye lami kuukuu yenye kokoto kuingia lami mpya. Wa beringi unaendelea vile vile. Halafu tafuta sehemu pana isiyo na magari, uyumbishe gari kwa upole kushoto na kulia. Ukikata kushoto, uzito unalalia magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, beringi ya kulia inalalamika. Mwisho, inua gurudumu, mmoja alizungushe kwa mkono huku mwingine ameshika springi kwa ncha za vidole. Beringi iliyokwisha inatetemesha springi kama simu iliyowekwa kimya mfukoni. Vidole vinasikia kuliko masikio.

La shemeji lilikuwa tairi. Alitaka sana liwe beringi, kwa sababu matairi ndio kwanza ameyanunua.

10. Bisibisi ndefu ni kipimo cha daktari

Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi kuwa bomba ili kusikiliza moyo wa mgonjwa, na hapo stethoskopu ikazaliwa. Mafundi wanayo ya kwao, yenye ncha ya chuma, lakini bisibisi ndefu inatosha: ncha kwenye mwili wa oltaneta, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Hamia pampu ya maji, hamia tensiona ya belti. Chenye ugonjwa kitakukoromea ndani ya kichwa, kingine kitakuwa na mvumo laini tu.

Funga mikono ya shati, weka kanga na nywele mbali, na kumbuka kwamba feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Belti inayolia ina jaribio rahisi zaidi: inyunyizie maji kidogo upande wa mifereji. Ikinyamaza kwa muda kisha ikarudia, mara nyingi puli hazijanyooka au belti imechakaa. Ikizidi kulia, inateleza kwa kulegea. Dawa za kupuliza zinazouzwa kwenye foleni pale Ubungo hunyamazisha zote mbili kwa siku kadhaa, na kwa hiyo hazikwambii lolote.

11. Mlio mkubwa huficha mdogo

Wiki ile ile niliyofunga klipu, barabarani Kimara, nikasikia zzzz nyembamba, injini ikiwa kati ya mizunguko elfu mbili na elfu mbili na mia tatu hivi, si chini wala juu ya hapo. Ulikuwepo zamani, bila shaka. Ko-ko-ko ndiyo iliyokuwa inaufunika. Mlio unaoishi ndani ya dirisha dogo la mizunguko namna hiyo ni bati linaloitikia mtikisiko wa kiasi chake tu, na kwenye magari ya mtumba ya Japani wa kwanza kushukiwa ni lile bati la kukinga joto juu ya eksozi. Boliti zake hula kutu kwenye matundu.

Nilisubiri eksozi ipoe, nikaligonga kwa ngumi: zzzz. Wengi hulikata na kulitupa. Sikushauri, kwa sababu juu yake kuna sakafu na zulia, na chini yake bomba linaloweza kufika mamia ya nyuzi joto. Klempu mbili ndefu za hosi, zilizounganishwa kuzunguka bomba na bati pamoja, zilimaliza kazi. Fundi wa mwarobaini aliziangalia uvunguni, akazikaza robo mzunguko zaidi, akaniuliza kama leo pia nimekuja kulipia kusikiliza.

"Leo nimekuja na shemeji, fundi. Ana matairi mapya yanayovuma, na hataki kuniamini."

Akaweka bisibisi chini. "Mwambie awashe twende."